Saa Ngapi, Mwanatumu?

Munje, Msambweni
Februari, 1965

Kwa dada yangu mpenzi Kibibi binti Haji,
Lunga Lunga.

Assalaam aleikum, dada, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanetu Jumbe, ambaye naambiwa sasa anakaa mwenyewe bila kuegemezwa. Mimi mwili wangu hauna neno, alhamdulillahi. Baba naye hajambo, ila goti lile bado linamsumbua kukiwa na umande, na kila akiinuka hulisemesha kama punda mkaidi. Anakusalimu sana. Anauliza Jumbe amefanana na nani, maana aliyemletea habari mara ya mwisho alimwambia tu kwamba mtoto ana masikio makubwa, na Baba anasema masikio hayo hayakutoka upande wetu.

Shemeji Suleiman, najua ndiwe unayemsomea dada, kwa hiyo nawe pokea shikamoo yako, na ahsante kwa taabu ya kusoma. Nimejitahidi mwandiko uwe mkubwa.

Dada, nisamehe kwa kukaa kimya tangu kabla ya mfungo. Kila nilipokaa kuandika niliona sina habari njema hata moja ya kuanzia, nami nimezoea kukuandikia habari njema: nimepita mtihani, nimepata kazi, kuku wa madoadoa ameangua. Leo nimekata shauri niandike hivyo hivyo. Jumwa muuza mikeka anaondoka alfajiri kwenda gulioni huko kwenu, na ameniahidi ataitia barua hii mkononi mwako.

Habari yenyewe ni ya kazi. Unajua kwamba tangu nilipoachishwa kule hotelini Diani mwaka jana nimekuwa nikitafuta mahali pengine. Baba hashiki tena jembe kama zamani, na paa la upande wa jikoni linavuja. Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko paa. Ami zetu walimcheka Baba miaka yote niliyokuwa shule. Walimwambia anamsomesha binti ili apate kuandikia wanaume barua. Baba hakuwajibu, alinunua sare na kunyamaza. Nilitaka siku moja awaonyeshe kwamba hakupoteza kitu. Sasa wakija hapa kumjulia hali hawasemi neno, na kutosema kwao ndiko kunakomkondesha.

Tena kazi si kwamba hazipo. Tangu Uhuru Wazungu wanaondoka mmoja mmoja, na mtu aliyemaliza darasa la nane anatafutwa kila ofisi. Nikiingia huwa wananipokea vizuri. Wanauliza jina, wanauliza shule, wananipa kalamu niandike, wanautazama mwandiko na kutikisa vichwa kwa kupendezwa. Kisha wanafika kwenye swali lile lile: uliwahi kufanya kazi wapi, na kwa nini ukaondoka?

Wanijua nilivyo, dada. Mgeni akipiga hodi mimi hujificha nyuma ya mlango wa uani. Hata mwalimu akiniita jina darasani shingo ilikuwa ikiniwaka moto. Swali hilo likifika huona chumba kizima kimegeuka macho, na ulimi unalala.

Mara ya kwanza nilijibu kweli, kwa kadiri nilivyoweza. Alikuwa bibi mmoja wa Kizungu anayekaa Diani, ana watoto wawili, alitaka yaya ajuaye kusoma. Alinikaribisha barazani, akanipa chai kwenye kikombe chenye maua, na yule mtoto mdogo alikwisha kuja kunishika kidole. Bibi aliponiuliza nilisema kwamba niliachishwa kwa ajili ya saa ya mgeni iliyopotea ikaonekana kwangu. Hakukasirika. Alisema ahsante kwa kusema kweli. Lakini mkoba wake uliokuwa mezani aliuvuta taratibu akaupakata, na akamwita mtoto aende akanawe mikono. Nilimaliza chai kwa sababu niliona haya kuiacha. Nilipofika getini nilisikia ufunguo wa mlango ukigeuzwa nyuma yangu, mchana kweupe.

Mara ya pili nilidanganya, na Mungu anisamehe. Bwana Abdurahman mwenye duka la nguo Ukunda alitaka msichana wa kushona vifungo na kuandika vipimo vya wateja. Nilimwambia hoteli ilipunguza watu kwa sababu wageni walikuwa wachache. Akasema haya, anza kesho. Dada, nilikuwa na raha pale. Nilikaa nyuma ya cherehani, sikuonana na mtu, vipimo vikiitwa mimi naandika. Hata Bwana Abdurahman alimwambia mkewe kwamba huyu mtoto hana kelele, ukimsahau dukani usiku utamkuta asubuhi amekaa pale pale. Kisha siku moja akaingia Hannah kununua uzi. Hannah nilifua naye pale Diani, ni mtu wa kucheka tu, hana ubaya. Aliponiona aliinua mikono akasema kwa sauti ya kujaza duka, “Saa ngapi, Mwanatumu?”

Wateja walicheka bila kujua wanacheka nini. Bwana Abdurahman alitaka kujua, na Hannah akamwambia, tena kwa kunitetea, kwamba mimi si mtu mbaya, ni shetani tu wa siku moja. Jioni Bwana Abdurahman aliniita. Alisema saa haimhusu, watu hukosea na kutubia. Lililomwuma ni kwamba nilimtazama usoni nikamwongopea, mimi ambaye simtazami mtu usoni. Alinilipa haki yangu yote, akanipa na kitambaa cha kumpelekea Baba, na asubuhi yake mahali pangu palikuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo sasa, dada, nikiulizwa nina kufukuzwa mara mbili, na hiyo ya pili ni ya haki.

Maneno ya Hannah yamefika mpaka Munje. Sijui nani aliyeyabeba. Watoto wakiniona natoka kisimani hujipanga njiani, mmoja huuliza saa ngapi na wengine hupiga kengele kwa midomo yao. Nikichelewa kujibu salamu, mtu husema labda naitia saa ufunguo. Kwenye harusi ya binti Dzombo nilikwenda kusaidia jikoni, na mama mmoja, tena mtu wa heshima, aliniita mbele ya wenzake, akasema, “Mwanangu Mwanatumu, hebu tutazamie saa, tusije tukaunguza wali.” Walicheka wote, nami nilicheka nao. Kisha nikaenda uani nikaosha sufuria lililokwisha oshwa.

Sikwambii haya ili unionee huruma. Najua wewe nawe una uchungu wako juu yangu. Unaamini niliwatia aibu mkashindwa kukaa Diani, shemeji akaacha kazi aliyoizoea, mkahamia huko mpakani kuuza chai kwa madereva wa malori, na wewe una mimba kubwa. Ndivyo ulivyoambiwa, na ndivyo nilivyokuacha uamini.

Nilipokuja kumwona mtoto, niliona jambo ambalo sikulisema. Ulinikumbatia, ulinipa maji ya kuoga, ulinikatia kuku. Lakini nilipotoka bafuni nilikuona ukivua vipuli vyako taratibu, ukavitia kabatini, ukafunga, na ufunguo ukautia kifuani. Ulidhani niko bado bafuni. Sikukasirika, dada. Niliona tu kwamba bora ningekufa zamani zile ulipokuwa ukininywesha uji kuliko kuona mkono wako wewe ukifunga kabati kwa ajili yangu. Shemeji naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha kamba, na aliona nilichokiona.

Nakumbuka kwa nini ulinipeleka Diani. Ulisema mimi peke yangu nitaogopa, lakini shemeji yupo, yeye ni mtumishi wa vyumba, ataniangalia. Ni kweli aliniangalia. Ndiye aliyeniombea kazi kwa meneja. Na wewe unajua jinsi tulivyokuwa mimi na yeye. Mimi nisiyeweza kuomba chumvi kwa jirani, kwa shemeji nilikuwa mtu mwingine kabisa. Wakumbuka siku ya harusi yako nilivyoficha viatu vyake kwenye mtungi mtupu, bwana harusi akatoka peku mbele za wageni, na nikakataa kuvitoa mpaka aliponikomboa kwa halwa? Nilikuwa mtoto, lakini wazee wote walisema haki yangu, ndiye shemeji yake, ndiye mtani wake. Tangu siku hiyo ilikuwa hivyo. Nilificha kofia yake ya Idi, akaikomboa kwa kashata. Yeye alinificha kitabu cha hesabu, nikamkomboa kwa kumfulia kanzu. Katika watu wote wa dunia hii, ni mmoja tu niliyekuwa siogopi kumchezea.

Sasa nikuambie ya Kwale, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Niliitwa kule juma lililofuata Idi. Kazi yenyewe ni ya kliniki mpya ya watoto wachanga inayotaka kufunguliwa. Wanatafuta msichana ajuaye Kidigo, awe anapima watoto uzito, anaandika kadi, na anawaeleza mama zao mambo ya maji ya kuchemsha na chakula cha mtoto. Niliposikia habari hiyo nilijua naitaka kazi hii kuliko zote. Wewe wajua kwa nini. Mama alipofariki mimi nilikuwa wa kunyonya, na wewe ukatolewa chuoni hujamaliza hata juzuu ya kwanza, ukafungwa mtoto mgongoni kwa leso. Bibi yetu alinihadithia jinsi ulivyoninywesha uji wa mchele kwa kijiko, nikautapika, ukaninywesha tena, ukawa unalia kwa sababu hujui kama ninashiba au ninakufa. Wenzako walirudi kutoka chuoni wanasoma, na wewe unanusa nepi. Kusoma nilikosoma mimi ni wewe uliyekukosa. Nilisema moyoni, nikiipata kazi hii, kila msichana atakayekuja na mtoto mgongoni nitamwonyesha, asikae na woga ule.

Walikuwa watu watatu. Mmoja Mzungu anayerejea kwao, sanduku lake limekwisha fungwa, liko pale pale kando ya meza. Wa pili karani kijana kutoka bara, tai imemkaba shingo. Wa tatu Mzee Chome, mjumbe wa baraza, mtu wa huku kwetu, mwenye kofia ya kazi nzuri na mdomo usiotulia. Niliandika, nikasoma mizani, nikajumlisha. Mzee Chome akaniuliza kwa Kidigo nitamwambia nini mama ambaye mtoto wake anaharisha na mama mkwe anamkataza kumpa maji. Dada, sauti ilitoka. Sijui ilitoka wapi. Nilisema namna nitakavyomwamkia kwanza yule mama mkwe, nitakavyomwuliza yeye aliwalea wangapi, na nitakavyomwomba anisaidie kumshika mtoto huku nampa maji. Mzee Chome alicheka, akawaambia wenzake kwamba huyu kijana ana akili ya mke mwenza. Hata yule Mzungu alitabasamu alipofasiriwa.

Ndipo karani akauliza lile swali.

Nikasikia nzi dirishani. Nilikwisha kusema kweli nusu nikakosa, nikasema uongo nikakosa. Kwa hiyo nilisema neno ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu. Nilisema niliachishwa kwa ajili ya saa ya dhahabu ya mgeni iliyokutwa kwangu, lakini sikuiiba, niliichukua kwa utani.

Karani alicheka mpaka akashika tai yake. Alisema kwao utani ni maneno tu, watu wanatukanana, wanacheka, kila mtu anakwenda zake. Utani wa saa ya dhahabu hajapata kuusikia. Mzee Chome akamwambia, “Kijana, nilipomzika mke wangu watani walikuja wakabeba godoro langu, nikalala chini mpaka nilipowakomboa. Basi nenda kawakamate.” Karani akaacha kucheka. Kisha mzee akanigeukia, akasema vizuri, utani ni wa watu wawili, na wa pili ni nani?

Akauliza, ni yule mgeni mwenye saa? Nikatikisa kichwa. Akauliza, ni meneja? Nikatikisa kichwa. Akasema basi ni jini wa hotelini, na wote wakacheka, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Alipoona siinui kichwa aliacha mzaha. Alisema saa ilikwisha kurudi kwa mwenyewe, na yeye hana haja ya kujua ilipita mifuko ya nani. Anachotaka ni kujua kama mkono utakaofungua mafurushi ya mama zetu ni wa mwizi. Mtani wangu aje Jumatatu yoyote kabla ya mwezi huu kwisha, akae kwenye benchi lile, aseme kwamba mimi ni mtani wake na kwamba nilichukua kwake. Hataulizwa zaidi. Akija, kazi ni yangu. Asipokuja, kuna msichana wa Bongwe ambaye jina lake linafuata.

Nilisema, “Hatakuja.” Hilo ndilo neno langu la mwisho pale. Nilishuka mlima wa Kwale kwa miguu, na sikumbuki njia.

Dada, sasa nafika kwenye jambo ambalo hata Baba halijui. Na hapa nakuomba ruhusa, kwa sababu maneno yanayofuata sina budi kuyasema na yule anayeyasoma.

Shemeji Suleiman, usisite. Najua umesita. Dada yuko mbele yako, labda anamnyonyesha Jumbe, na anakutazama mdomo kwa sababu hana macho mengine ya kusomea isipokuwa yako. Soma kama nilivyoandika, kwa sauti ile ile uliyosomea salamu.

Kanzu ilikuwa yako. Niliitoa kwenye kapu la nguo za kufua nikaijua kwa ile alama ya uzi mwekundu niliyoishona mimi mwenyewe kwenye ukosi ili isichanganyike na za wenzako. Mfukoni mlikuwa na saa. Sikujua kwamba ni ya mtu mwingine, shemeji. Niliona kanzu yako, nikaona saa, nikasema moyoni, shemeji amenunua saa na hakutuonyesha, leo atanikoma. Niliifunga kwa kitambaa nikaizamisha kwenye kopo la wanga mkavu wa kutilia nguo. Nikawa nangoja uje kuikomboa. Nilikwisha panga nitakachokudai: kitambaa cha nguo za mtoto wa dada.

Kisha ulipopita na shuka mikononi nilikuuliza polepole, wewe tu usikie, “Shemeji, saa ngapi?” Wewe ukageuka rangi. Nami nikaona unajua kuigiza. Ulipopita tena nikakuuliza tena. Yaani neno hilo wanalonichekea watoto wa Munje, mtu wa kwanza kulisema nilikuwa mimi, na nilikuwa nimefurahi.

Walipokuja kupekua nyumba ya dobi na meneja akamwaga kopo la wanga mezani, wewe ulikuwepo mlangoni. Meneja aliniuliza nimeipata wapi. Nikasema kwenye nguo. Nguo za nani? Nilikutazama. Nilikuwa bado nadhani utacheka, utasema, aa, huyu ni shemeji yangu, ana mchezo huyu. Ungesema kwamba uliiokota ndani ya shuka ukasahau kuirudisha, mimi ningeapa nawe. Wewe ulitazama chini. Meneja alikuuliza, huyu si ndugu yako? Ukasema ni ndugu wa mke wako, lakini tabia zake huzijui. Nikakumbuka tumbo la dada. Nikasema, sijui nguo za nani. Basi.

Sijui kama uliichukua au uliiokota. Tangu siku hiyo sijataka kujua, na sasa pia sitaki. Sikukutaja kwa meneja, sikukutaja kwa yule bibi, sikukutaja Kwale, na Baba akiniuliza huwa natoka nje. Mimi nikikutaja, nimemvunjia dada nyumba yake kwa mikono yangu, na huenda watu wasiniamini vile vile, maana mwizi yeyote anaweza kusema alikuwa akitania. Utani ukikataliwa na mwenzio, kilichobaki mkononi mwako ni mali ya wizi. Lakini wewe ukija mwenyewe ukakaa kwenye benchi lile, Mzee Chome atacheka, atakutania, na mambo yamekwisha.

Ningeweza kumtafutia dada msomaji mwingine. Pale kwenu pana makarani wa forodha, wanajua kusoma. Sikutaka mtu wa nje ajue kabla yake, na sikutaka Jumbe akue akisikia habari za baba yake kwa watu. Nimeona heri ayasikie kwa sauti yako.

Dada, sasa nimerudi kwako. Kama umesikia, usimfokee mbele ya mtoto. Mimi sina hasira naye tena. Nilikuwa nayo, ikaisha, na mahali pake hapakuja kitu. Hilo ndilo linalonitisha. Nakaa uani nasuka ukili wa mikeka, jua linapanda, jua linashuka, na nikimsikia mtu anakuja nainuka kabla hajafika asije akaniuliza. Usiku huota niko kwenye kile kiti cha Kwale, wananiuliza jina langu, na jina lenyewe silikumbuki. Siombi uamue lolote. Naomba tu ufungue lile kabati.

Lakini sijui kama umesikia. Naijua tabia ya shemeji ya kufupisha barua. Huenda aliishia kwenye nzi wa dirishani, akasema, basi, anakusalimu sana. Huenda hata kwenye masikio ya Jumbe. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ile leso yetu kuukuu uliyonibebea, yenye pembe iliyoungua, najua unayo, nilimwona Jumbe amelala juu yake. Kama umesomewa mpaka hapa, mpe Jumwa aniletee. Usimpe na maneno. Nikiiona leso nitajua imesomwa yote, na Jumatatu nitapanda Kwale nikangoje nje ya ofisi, nione kama kuna mtu kwenye benchi. Jumwa akirudi na salamu peke yake nitajua ilikatwa wapi, na sitaandika tena habari hizi maisha yangu yote. Nawe usidhani nimekuchukia. Dhani nimechoka tu.

Baba anakuombea wewe na mjukuu wake kila baada ya sala. Mnyweshe Jumbe maji yaliyochemka, usimpe ya kisima hivi hivi. Mbusu masikio yote mawili. Nawe, shemeji, kwa kadiri uliyosoma, ahsante.

Nimekaa kizingitini, mikeka ya Jumwa iko hapa karibu imekwisha fungwa, nami ni mdogo wako uliyemlea,

Mwanatumu binti Haji